Askari Mstaafu na Kazi ya Mazulia: Chombo Chema ni Kile Kitoacho Maji

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo ya wazee wetu yamfaa kila mtafuta riziki, lakini yamfaa zaidi yule aliyeazimia kusafisha mazulia, kwa kuwa kazi yake yote iko chini, miguuni pa watu. Askari anapoikaribia siku ya kuvua sare hujiuliza usiku na mchana: kiinua mgongo changu nikifanyie nini? Mmoja hununua pikipiki, mwingine hufungua duka, mwingine hurudi shambani. Wa nne huwaza juu ya kazi hii ya mazulia, naye hakosei kuiwaza.

Yeyote aliyewahi kulinda lango mjini Kampala anazijua sababu. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara za mitaani huingia kila chumba chenye dirisha. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huligeuza vumbi hilo kuwa tope, na tope hilo huingizwa ndani na viatu vya watu. Ofisi zina mazulia, hoteli za Entebbe na Jinja zina mazulia, makanisa yanayo, na misikiti inayo ukuta kwa ukuta. Hata mabwalo ya maafisa yanayo. Kazi ipo. Swali ni kama chombo utakachokinunua kitaiweza kazi hiyo, ama kitakula fedha zako na kukuacha mikono mitupu.

Hebu tumfikirie sajini mmoja aliyelitumikia jeshi kwa miaka 20. Amepokea haki yake, naye anaingia dukani akiwa na moyo mkunjufu. Muuzaji anampokea kwa heshima.

“Karibu sana, afande. Usihangaike na hizi ndogo. Hii hapa ndiyo mashine kubwa kuliko zote. Inarusha maji kama gari la zimamoto!”

Sajini anaitazama. Inang'aa, ina matangi mapana, na inapowashwa inanguruma. Anatoa sehemu kubwa ya fedha zake, anaipakia garini, na juma hilohilo anapata kazi ya kwanza nyumbani kwa mtu. Zulia linalowa vizuri, povu linapanda, madoa yanatoweka, na mwenye nyumba anatabasamu. Siku ya pili zulia bado ni bichi. Siku ya tatu linatoa harufu ya gunia lililooza, na rangi ya hudhurungi imepanda juu kutoka mgongoni mwa zulia. Mwenye nyumba halipi. Tena anadai zulia jipya.

Sajini huyo alikosea wapi? Hakukosea kwa uvivu, wala kwa kukosa nidhamu. Alikosea siku ile dukani, alipoichagua mashine kwa maji inayoyamwaga badala ya kuichagua kwa maji inayoyatoa. Kumwaga maji si kazi. Hata mtoto mwenye ndoo aweza. Kuyatoa ndiko kunakohitaji mashine.

KUVUTA, SI KUPULIZA

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1901 mhandisi mmoja wa Kiingereza, Hubert Cecil Booth, alikwenda kutazama mjini London mashine iliyodaiwa kuwa inasafisha kwa kupuliza hewa. Aliona vumbi likiruka juu, kisha likitua palepale lilipotoka. Akajiuliza kwa nini mashine isivute badala ya kupuliza. Akachukua leso, akaitandika juu ya kiti, akaweka mdomo wake na kuvuta pumzi kwa nguvu. Vumbi lilikaribia kumpalia, lakini leso ilikuwa imenasa uchafu, naye akajua kwamba wazo lake ni la kweli.

Mashine aliyoitengeneza ilikuwa kubwa mno, hata ikakokotwa na farasi. Ilisimama nje barabarani, na mipira yake mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilitumika kusafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey, kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, mashine zake zilipelekwa katika jengo la Crystal Palace, walikokuwa wamekusanywa askari wa majini na ambako maradhi yalikuwa yakienea. Zilifyonza vumbi tani kwa tani. Basi hata askari wa zamani walinufaika na ugunduzi huu: uchafu hauishi kwa kuhamishwa, unaisha kwa kutolewa.

CHOMBO CHA KWANZA NI CHA VUMBI

Anayeanza kazi hii hufikiri kwanza mashine ya maji. Afikiri kwanza mashine ya kufyonza vumbi kavu. Uchafu mwingi uliomo katika zulia ni mkavu: mchanga, vumbi, nywele na nyuzi. Ukilimwagia maji zulia lenye vumbi jekundu, umefinyanga tope ndani yake, na tope hilo hushuka mpaka kwenye mizizi ya nyuzi. Tena chembe za mchanga zina makali. Kila anapokanyaga mtu, hukata nyuzi kama msasa ukatavyo mbao.

Chagua mashine ya vumbi yenye brashi inayozunguka mdomoni, kwa kuwa brashi hutikisa nyuzi na kuuinua mchanga uliojificha chini. Tazama mfuko wake na chujio lake. Chujio jepesi hukamata vumbi kubwa na kulitema lile jembamba, likarudi katika hewa anayovuta mteja wako. Uliza pia kama mifuko na mikanda ya mashine hiyo yapatikana madukani, maana mkanda wa brashi hukatika, nao ukikatika siku ya kazi, siku hiyo imepotea.

Kuna pia mashine ya brashi ya mviringo, inayosugua zulia kwa sabuni. Haivunji mfuko kama mashine kubwa, na hufaa hata kung'arisha sakafu ngumu, kwa hiyo humpa mwanzilishi kazi mbili kwa chombo kimoja. Lakini ina kasoro moja: inasugua, haitoi. Sabuni inayobaki katika nyuzi hunata, na chenye kunata hukaribisha vumbi jipya. Zulia huchafuka upesi kuliko mwanzo, na mteja husema umemdanganya. Anayeinunua na aikamilishe kwa chombo cha kufyonza maji.

MAJI YAINGIAYO SHARTI YATOKE

Sasa tuje kwenye mashine ya maji yenyewe. Ile ya kubebeka ina sehemu tano: tangi la maji safi, pampu ya kuyasukuma, mdomo unaoyanyunyiza na kuyafyonza, mota za kufyonza, na tangi la maji machafu. Muuzaji atakusifia pampu. Wewe mwulize habari za mota.

Pampu hupimwa kwa paundi kwa kila inchi ya mraba. Kati ya paundi 100 na 200 hutosha kwa mazulia mengi ya nyumbani. Mashine zenye paundi 400 au 500 hufaa zaidi kwenye sakafu za vigae. Kwenye zulia, mikononi mwa asiyezoea, huyazamisha maji mpaka mgongoni mwa zulia, mahali ambapo hakuna mota iwezayo kuyafikia.

Mota za kufyonza hupimwa kwa mambo mawili: nguvu ya kuyainua maji, na wingi wa hewa inayopita. Mota mbili zikipangwa moja nyuma ya nyingine, nguvu ya kuinua huongezeka. Zikipangwa bega kwa bega, hewa huongezeka. Mpira mrefu hudhoofisha zote mbili. Kwa hiyo usijaribu mashine dukani kwa mpira wa mita 2, ilhali kazini utatumia wa mita 10.

Fanya jaribio hili kabla ya kutoa hata shilingi moja. Omba kipande cha zulia, ama nenda na chako. Tia katika tangi safi maji lita 20 kamili, uliyoyapima kwa ndoo. Yanyunyize yote juu ya zulia la mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20, huku ukifyonza. Kisha pima yaliyorudi katika tangi chafu. Yakirudi lita 16, zimebaki 4, na hizo ni sehemu ya tano ya lita kwa kila mita ya mraba. Kwa dirisha lililo wazi na feni, zulia litakauka siku hiyohiyo. Yakirudi 11, zimebaki 9. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi umemwachia mteja kilo 9 za maji chini ya viti vyake. Mashine hiyo, hata ikipunguzwa bei nusu, ni ghali.

Zulia lisiachwe bichi kupita siku moja. Likipita hapo, kuvu huanza kuota na harufu huanza kupanda. Mazulia ambayo mgongo wake umefumwa kwa nyuzi za gunia huwa mabaya zaidi: yakilowa mno hunywea, na nyuzi hizo hutoa rangi ya hudhurungi inayopanda juu zulia linapokauka. Hiyo ndiyo rangi iliyomfedhehesha sajini wetu.

Pima pia ukubwa wa tangi kwa kazi utakayoifanya. Ofisi ya mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120. Kwa lita moja kwa kila mita, unahitaji lita 120. Tangi la lita 40 litajazwa mara 3 na kumwagwa mara 3. Hilo lavumilika. Lakini kwa ukumbi mkubwa, kama zulia la Msikiti wa Taifa wa Uganda huko Old Kampala, tangi hilo ni kijiko cha kuhamishia ziwa. Kazi za namna hiyo huhitaji mashine kadhaa ama mashine inayoendeshwa na injini ya gari, iliyo mjukuu wa ile ya farasi wa Booth. Mwanzilishi asianzie hapo. Aanze na nyumba na ofisi ndogo, ajifunze, ndipo apande.

Halafu jaribu kuinyanyua. Majengo mengi hayana lifti, na lifti nyingine hazifanyi kazi. Mashine ambayo watu wawili hawawezi kuipandisha ghorofa ya tatu bila kutua kila ngazi itakufungia nusu ya wateja.

UMEME WA UKUTANI

Hapa ndipo wengi huungua, na neno hilo si la mfano tu. Umeme wa Uganda ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine nyingi zinazouzwa Marekani zimetengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60. Ndugu aliyeko ng'ambo akikutumia moja, nawe ukaichomeka moja kwa moja, mota itakufa kwa dakika chache. Transfoma yaweza kuzishusha volti, lakini haibadilishi mizunguko; mota za namna fulani zitazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na zitapata joto kupita kiasi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kusoma bei.

Kisha piga hesabu. Plagi zetu za pini tatu za mraba zina fyuzi isiyozidi ampia 13. Volti 240 mara ampia 13 ni wati 3,120. Huo ndio mpaka wa soketi moja. Tuseme mashine ina mota mbili za wati 1,200, pampu ya wati 200, na kichemsha maji cha wati 1,750. Jumla yake ni wati 4,350. Haiwezi kula katika soketi moja. Mashine nzuri za namna hiyo huwa na nyaya mbili, za kuchomekwa katika njia mbili tofauti za umeme. Kama nyumba haina njia mbili, nunua mashine isiyo na kichemsha, upashe maji jikoni.

Fyuzi ikikatika, iheshimu. Hiyo ni mlinzi aliyeko zamu. Anayeiondoa na kuweka kipande cha waya amemfukuza mlinzi na kumkaribisha moto katika nyumba ya mtu. Waya wa kuongezea uwe mnene, wa milimita za mraba 2.5, nao ukunjuliwe wote, kwa kuwa waya uliozungushwa katika gurudumu lake hupata joto na kuyeyuka. Viungio vya waya visilale juu ya zulia bichi. Kifaa kinachokata umeme mara unapovuja hakina bei kubwa kuliko maisha ya mtu. Na ikiwa utategemea jenereta, usinunue inayolingana sawasawa na mota, kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Iache nafasi ya kutosha.

LIJUE ZULIA KABLA YA KULIGUSA

Polisi hamkamati mtu kabla ya kumtambua. Vivyo hivyo, usilitie maji zulia usilolijua. Omba ruhusa, kata uzi mmoja pembeni pasipoonekana, uuchome nje ya nyumba. Ukinuka nywele zilizoungua na kusagika kuwa majivu, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni wa kiwandani, kama nailoni. Ukinuka karatasi iliyoungua, ni pamba au jamii yake.

Sufu huharibiwa na magadi makali na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Itakie sabuni pole na maji ya uvuguvugu. Nailoni ni mvumilivu zaidi. Nyuzi za jamii ya pamba zilizotengenezwa zing'ae kama hariri hupoteza nguvu zikilowa, na huweza kugeuka rangi ya manjano. Mwanzilishi na alikatae zulia hilo kwa adabu. Kisha jaribu rangi: bonyeza kitambaa cheupe kibichi juu ya zulia kwa dakika chache. Kitambaa kikipata rangi, usiendelee. Kazi uliyoikataa haikugharimu chochote. Zulia uliloliharibu laweza kukugharimu mapato ya mwezi.

Kwa hiyo katika orodha ya vyombo vyako tia pia vile vidogo visivyong'aa: brashi za mkono, vitambaa vyeupe, kinyunyizio, feni mbili za kukaushia, vipande vya plastiki vya kuweka chini ya miguu ya viti ili kutu na rangi ya mbao visiingie zuliani, pamoja na glavu na viatu vya mpira. Na usisahau ndoo yenye mfuniko ya kubebea maji machafu. Maji hayo humwagwa chooni, si mtaroni. Mitaro mingi ya Kampala huishia mfereji wa Nakivubo, na Nakivubo huingia Ziwa Victoria katika ghuba ileile ambayo mji huchotea maji yake ya kunywa.

FEDHA NA DAFTARI

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kununua, fanya kazi japo mwezi mmoja chini ya mtu mwenye ujuzi, hata kwa ujira mdogo. Utajua mgongo wako waweza, na utaona ni mashine zipi zinazoharibika na kwa nini. Ukiweza kukodi mashine kwa kazi tano za kwanza, kodi.

Kisha gawa mtaji wako mafungu matano. Mafungu mawili yawe ya mashine. Fungu moja liwe la sabuni, usafiri, leseni na vipuri. Mawili yaliyobaki yasiguswe kwa miezi sita. Hayo ndiyo akiba ya kikosi. Kila kamanda huacha akiba nyuma, na biashara isiyo na akiba hushindwa na shambulio la kwanza. Akiba hiyo waweza kuiweka katika chama cha akiba na mikopo, kama Wazalendo cha wanajeshi au Exodus cha polisi, badala ya kuilaza chini ya godoro.

Kuhusu vipuri, mwulize muuzaji maswali haya mbele ya shahidi: brashi za kaboni za mota hii zauzwa wapi? Mpira ukipasuka, nani anao? Pampu ikifa, fundi yupo mjini, au itasubiri meli? Asipoweza kujibu, toka dukani kwa amani. Mashine ya pili kwa ubora yenye fundi mtaani ni bora kuliko ya kwanza yenye fundi ng'ambo.

Jambo la mwisho askari hana haja ya kufundishwa, bali kukumbushwa. Bunduki isiyosafishwa humsaliti mwenyewe siku ya hatari. Mashine hii nayo, kila jioni, yataka tangi chafu lioshwe, chujio lisuguliwe, maji safi yapitishwe katika pampu mpaka sabuni iishe, na mifuniko iachwe wazi ikauke. Nidhamu hiyo unayo tayari. Umelipwa miaka 20 kuijifunza. Raia wengi wanaoanza biashara hii hawana.

Basi, ndugu askari, siku utakayosimama mbele ya muuzaji na mashine yake inayonguruma, mwache aseme mpaka amalize. Kisha mwombe ndoo ya lita 20.